Mtu wa Tatu

Mimi na gari tumezaliwa mwaka mmoja,
ila lenyewe limeshakimbia.
Leseni yangu ina wiki tisa,
bado nikiishika naifuta alama za vidole.

Subaru ya buluu, boneti ina tundu
kama mtu aliyefungua kinywa akasahau neno.
Mjomba Ngowa hakulinunua. Lilikuja na deni:
Muitaliano wa kule Casuarina
miaka mitatu hakulipa gereji,
siku ya kuondoka akaacha ufunguo juu ya jeki
na glopu mbili za taa, kama chenji.
Mjomba akalifungua likawa vyuma sakafuni,
akalifunga tena likawa mnyama.
Kisha mtoto wa jicho akamwingia,
jicho la kushoto, halafu la kulia.
Akaniita: "Dama, chukua.
Barabara siku hizi naisikia tu."

Ofisi ya bima iko juu ya duka la dawa,
ngazi zake zanuka sharubati ya kikohozi.
Bwana Lali ana kalamu tatu mfukoni
na akaniazima yangu.
Umri? Ishirini.
Leseni? Wiki tisa.
Injini? Elfu mbili, na tabo.
Kila jibu liliinua nyusi zake kidogo
hata nikahofia zitaingia kofiani.

"Bima kubwa, kampuni nne zimekataa.
Ya tano yataka laki mbili na nusu kwa mwaka,
na ukigonga, laki ya kwanza ni juu yako."
Laki mbili na nusu!
Gereji ya mjomba, pamoja na paka wake,
haijawahi kuziona zimekaa pamoja.
"Lakini mimi sijagonga hata kuku."
"Ndiyo," akasema, kwa upole kabisa,
"hujagonga. Hapo ndipo penye shida.
Hatujui utamgonga nani."

Akaisogeza fomu nyembamba.
"Chukua ya mtu wa tatu."
Nani huyo?
"Wa kwanza wewe. Wa pili sisi.
Wa tatu ni yeyote atakayekuwa mbele yako.
Gari likiungua, shauri yako.
Mguu wako ukivunjika, shauri yako.
Tutakayemlipa ni yeye."

Darasa la tano, mwalimu Mwaringa aliandika ubaoni:
nafsi ya kwanza, mimi,
nafsi ya pili, wewe,
nafsi ya tatu, yeye.
Nikauliza, mbona mtu ana roho tatu?
Darasa zima likacheka, hata dawati likavunjika.
Leo nimehesabu elfu saba na mia tano,
noti za gereji, zina grisi,
kwa ajili ya roho ya tatu.

Stika nimeibandika, imekaa upande.
Nikawasha. Farasi mia mbili na hamsini
wakakwaruza sakafu ya zizi.
Vijana wa bodaboda wakapiga mbinja:
"Dada, fungulia!"
Na barabara ya kwenda Gede ilikuwa imenyooka
kama imepigwa pasi.

Nikamwona mama anavuka na beseni la ukwaju.
Ni wewe?
Mtoto wa chuo, juzuu kifuani,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.
Au wewe?
Muuza mikate wa baiskeli,
hajageuka nyuma tangu aijue baiskeli.
Hawajui kwamba nimewalipia.
Hawajui ni bei gani.
Nami sijui kama ile bei ni yao
au ni ya woga wangu.

Tuktuk ikanipita. Dereva akanitazama
kama aliyeona simba akichunga mbuzi.

Mjomba, kiti cha kushoto, macho kayafumba,
anaisikiliza injini kama anayesikiliza habari za kwao.
"Gia ya tatu inakungoja, Dama."
"Najua. Mwache avuke kwanza."
"Nani?" akauliza,
akigeuza uso kuitafuta barabara.

Bado simjui.