Daftari la Mafuta

Tulikutana sebuleni kwa Ndekirwa, watoto watano,
chai ikapoa, hakuna aliyelitaja neno lenyewe.
Tulisema "lile jambo". Tulisema "usalama".
Eliawony akasema tung'oe betri, tumwambie fundi kasafiri.
Mkaficho akasema mzee si mtoto wa kufichiwa kiberiti.
Kisha wakanitazama mimi,
kwa kuwa mimi alinifundisha klachi mwenyewe
kwenye mpando wa Foo, jiwe nyuma ya tairi,
mimi nalia, yeye anamenya chungwa.

Jumamosi nikapanda Machame na jani la isale.
Kwetu ukiombwa kwa isale hukatai,
ndiyo maana nililishika kwa aibu,
kama mtu aliyekuja kudai na silaha ya kijani.

Nikamkuta anaosha Pijo.
Taa ya kushoto imepasuka,
lango la usharika limeacha rangi yake ubavuni.
Jani hakuliangalia. Akafuta mikono kwa suruali,
akanipa daftari la mafuta, lile la tangu sabini na tisa,
kila lita, kila shilingi,
kwa penseli iliyochongwa kwa wembe.
"Soma mwisho."

*Machi 3. Lita kumi. Ukungu, au macho.*
*Machi 19. Lita tano. Nimepita kwetu, nimeingia kwa Munisi.*
*Aprili 6. Daraja la Karanga. Mtoto, sweta ya kijani. Sikumwona.*
*Yeye aliniona.*

Baada ya hapo kurasa tupu.
Na huu ulikuwa mwezi wa sita.

"Kwa hiyo gari limekaa tu, baba?"
"Limekaa. Naliosha, lisije likadhani lina kosa."
"Mbona hukutuambia?"
"Nilisikia mna vikao," akasema. "Nikawaacha mmalize."

Akakamua kitambaa mpaka tone la mwisho.
Kisha, akitazama migomba:
"Alhamisi mama yako ana kliniki KCMC.
Na mimi niandikishe. Ya macho."

Isale akalichomeka kwenye kioo, kando ya stika ya bima.
Sijui nani alikuwa amemwomba nani.

Alhamisi nikashika usukani, mama nyuma na kikapu chake.
Kila kona mguu wa baba ulikanyaga
breki ambayo upande ule haipo.
Hakusema neno hadi Karanga.
"Punguza," akasema.
Darajani hapakuwa na mtu.
Nikapunguza.