Zamu ya Kofia

Aprili, Viljandi. Theluji imeshaondoka,
lakini changarawe walizomwaga Januari ili tusiteleze
bado ziko barabarani, zinangoja fagio la manispaa,
na sasa ndizo zinazotutelezesha.
Nimesimama chini ya mteremko uendao ziwani,
koti la njano, kijitabu mfukoni,
kalamu yenye wino ulioganda kwa baridi.

Sheria ni fupi. Naijua kama jina langu:
asiyefikisha miaka kumi na sita
asipande baiskeli wala skuta bila kofia ngumu,
na kamba iwe imefungwa kidevuni.
Haisemi lolote kuhusu nywele zilizosukwa asubuhi,
kuhusu mvulana wa darasa la tisa anayetazamwa na wasichana,
kuhusu joto, kuhusu aibu.
Sheria haina nywele.

Anakuja Loviise, miaka kumi na mmoja,
magurudumu ya skuta yanasaga mawe,
kichwa wazi kama yai.
Nainua mkono. Anaburuta kiatu mpaka anasimama;
soli imelika upande mmoja kwa kazi hiyo ya breki.

"Kofia iko wapi?"
"Leo ni zamu ya Ats."

Zamu. Nyumbani kwao kofia ni moja, vichwa viwili:
Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni ya mdogo wake,
Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni yake,
Jumapili mama huificha, hakuna anayetoka.
Ananieleza kama anayesoma ratiba ya basi,
haombi huruma,
na mimi niliyefundishwa kuhesabu makosa
sijui hili niliandike mstari gani.

Wahenga walituonya: asiyesikia la mkuu
huvunjika guu. Wakaishia kwenye guu.
Guu hufungwa plasta, likaunga, likarudi kucheza dansi.
Juu ya fuvu hawakusema neno,
labda kwa kuwa methali hupenda vina,
labda kwa kuwa walioangukia huko
hawakurudi kusimulia.

Kaka yangu Kaljo alirudi.
Alikuwa na miaka tisa, mteremko huuhuu,
baiskeli ya baba iliyomzidi kimo,
enzi ambazo kofia ngumu zilikuwa za wajenzi na wazima moto.
Leo ana hamsini na miwili. Anakunja leso za karatasi
kwa ustadi ambao hakuna mkahawa utakaoulipia,
na kila nikivua koti la njano mlangoni ananiuliza
kama mnyororo umeshatengenezwa.
Bado kidogo, namjibu.
Miaka arobaini na mitatu: bado kidogo.

Kwa hiyo wanaposimama kwenye mkutano wa wazazi,
hasa yule Urmas fundi mabomba, mwenye sauti ya bomba,
kusema sisi tulikua bila makofia haya na hatukufa,
namtazama tu.
Kweli, Urmas. Hukufa.
Waliohudhuria mkutano ni wale walioweza kuja.

Siandiki kitu. Nafungua buti ya gari,
sanduku la vitu vilivyookotwa: mwavuli, glavu moja,
kofia ya zambarau yenye jina "Riho" ndani kwa wino mzito.
Loviise anaigeuzageuza.
"Ya mvulana," anasema. Kisha: "Na inanuka."
Inanuka kweli, jasho la kiangazi kilichopita.

Napiga magoti changaraweni, napima kamba:
vidole viwili kati ya utepe na kidevu,
si kimoja, si vitatu.
Anabana pumzi kama anayechomwa sindano.

Tak.

Anaondoka bila asante, kichwa kikubwa cha zambarau
kikiyumba juu ya shingo yake kama uyoga baada ya mvua.
Kwenye kona, pale anapodhani simwoni tena,
mkono mmoja unapanda kidevuni.
Sijui anaifungua au anaikaza.
Nasikiliza changarawe.