Mguu Mmoja Kwanza

Daktari Murhula aliuliza tuanze na upi.
Wa kulia, nikasema, ule wa kanyagio,
uliosukuma cherehani miaka ishirini na mitatu
chini ya bati la Kadutu,
sare za shule, suti za arusi, mapazia ya parokia,
ukalipwa nini? Nyuzi.
Nyuzi za zambarau, nyuzi nyekundu, moja ya samawati,
zimetandwa nyuma ya goti
na mfumaji asiyedai posho.

"Buibui," muuguzi alisema, akivuta taa karibu.
Nikacheka peke yangu.
Buibui wa darini namjua, namfagia kila Jumamosi.
Buibui la kuvaa nalijua, nimewashonea mama wa msikitini
nikalipiga pindo lisiburute matopeni.
Hili la tatu sikulikata, sikulipima,
na ndilo nililovaa chini ya kitenge
hata siku za jua.

Wifi yangu M'Cirhuza alisema:
Kwa hela hizo si ungeleta magunia ya makaa?
Mishipa haiui. Mama alizeeka nayo.

Kweli, alizeeka nayo.
Alipanda milima hii na mihogo mgongoni,
ukanda kwenye paji la uso, macho chini,
na siku tulipomwosha mara ya mwisho
ndipo nikaiona miguu yake
imeandikwa mpaka mapajani,
barua ambayo hakuna aliyeombwa kuisoma.

Sikumjibu wifi. Nilihesabu tena:
kola kumi na nane, zipu thelathini,
na gauni la bibi arusi ambaye hakurudi kulichukua,
nikamuuzia mwingine mwenye kiuno kile kile.
Zikatosha mguu mmoja.

Sindano yake ni nyembamba kuliko namba tisa yangu,
ile ya hariri.
"Mama, iko inauma?"
Inawasha, nikasema,
kama pilipili uliyoisahau kidoleni.
Dawa ikaingia, damu ikapisha njia,
na uzi ukafifia huku nautazama
kama chaki ya fundi inavyopotea chini ya pasi.

Sindano yangu huacha uzi inapopita.
Yake inauondoa.

Na damu sasa itapita wapi? nikauliza.
"Itazunguka. Mwili una njia nyingi."
Nikakumbuka mvua ya Aprili, barabara yetu ilipomeguka,
kesho yake watu wanapita nyuma ya jikoni mwa jirani,
wakiomba radhi,
na wiki haijaisha, mtu ameshatandika karai pale
anauza sambaza.

Hakunidanganya. Kutakuwa na madoa ya kahawia, alisema,
wiki kadhaa, pengine miezi.
Nyingine zitahitaji kurudiwa.
Na nyingine mpya zitakuja, kwa maana kazi haikomi.
Akanivalisha soksi ya kubana, ngumu kama ukosi wa padri:
"Sasa tembea nusu saa. Usiketi."

Nisiketi! Mimi!
Nikatembea kutoka Nyawera kuelekea Muhumba,
mikono mitupu, kichwa kitupu,
bila mteja wa kufuata, bila kitambaa cha kununua.
Mtu mmoja akaniuliza kama nimepotea.
Nikamwambia bado.

Leo wa kushoto ndio unakanyaga.
Haujui kazi. Unaanza kwa pupa, unasimama,
na mshono unakwenda upande kama mlevi wa Jumapili.
Nimefumua mfuko mmoja mara tatu.
Zamu yake ni mwezi wa tisa, sare zikishalipwa.

Jioni M'Cirhuza aliingia na sketi mkononi,
zipu imeharibika, alisema.
Akarudisha mlango nyuma yake.
Akasimama, akatazama soksi yangu, akatazama dirisha,
kisha akainua kitenge chake taratibu,
kiasi cha shubiri moja juu ya kisigino,
shubiri mbili.

Zipu niliivuta juu, nikaivuta chini.
Haikuwa na kasoro yoyote.