Nambari Kumi na Tisa

Bondeni kwetu Wales mvua hainyeshi, inahamia:
inapanga chumba mwezi wa tisa na haitoki hadi Pasaka.
Siku ya namna hiyo nilidandia basi la asubuhi
na penseli mbili (kalamu ya wino hawairuhusu kule)
kwenda kumtafuta Theophilus Prosser,
aliyemzaa Tryphena, aliyemzaa baba, aliyenizaa mimi,
kitukuu mwenye goti bovu.

Bibi Tryphena alikuwa na kauli moja tu juu yake:
"Baba alilinywa duka.
Alilinywa pamoja na mlango na bawaba zake."
Kisha anainamia kiazi, anamenya.
Ukimuuliza zaidi, kiazi kinazidi kuwa kidogo.

Kwenye sensa sikumtafuta sana.
Prosser, T., miaka thelathini na minne, muuza sabuni na mishumaa.
Mke, Hannah. Watoto wanne.
Miaka kumi mbele, karani mwingine, mwandiko wa kuku,
watoto watatu.
Asiyekuwepo ni Keturah.
Hakuna mstari uliomkata. Ni pengo tu,
na ulimi wangu unalirudia rudia.

Halafu wakaniletea daftari la duka,
limefungwa kwa utepe, limelazwa juu ya mto
kama mgonjwa anayesubiri wageni.
Linanuka shahamu. Miaka mia na ushei, bado linanuka.
Mali bila daftari huisha bila habari, husemwa.
Haya, mali iliisha.
Habari hii hapa, nami siijui pa kuishika.

Mwaka wa mgomo, machimbo yamefungwa, wiki juu ya wiki:
Bi. Pugh, sabuni ratili moja: amelipa.
Mjane wa Ifor Beynon, mishumaa sita: amelipa.
Hopkin kiguru, sabuni, kiberiti, nta: amelipa.
Amelipa, amelipa, amelipa, kurasa kumi na moja,
na safu ya fedha, mkono wa kulia, nyeupe pe.
Hata peni.
Nilihesabu mara tatu kwa kitako cha penseli
mpaka msimamizi akakohoa.

Ukurasa wa mwisho, duara la kahawia:
glasi ilikaa hapa.
Tena mistari ya chini yake imelala upande,
kama watu wanaotembea kwenye upepo.
Basi Bibi hakusema uongo.
Alisema ile nusu iliyomlaza na njaa.

Mchana nikapanda mtaa hadi nambari kumi na tisa.
Siku hizi ni kwa kinyozi. Rebwar, mtu wa Sulaimaniya,
alikwisha nifunga shuka shingoni kabla sijasema kitu.
Nikasema. Akazima mashine,
akaenda mlangoni, akavuta zulia la mpira kwa ncha ya kiatu:
T. P., vigae vya buluu, herufi ya pili imemeguka mguu.
"Miaka sita nafagia hapa," akasema,
"nikidhani ni jina la waliotengeneza vigae."
Kisha akanionyesha darini: kulabu nane.
Yangu ilikuwa mishumaa.
Yake ni taulo, na spika moja inayokoroma.

Nikamuuliza, watu wanakukopa?
Akacheka, akafungua droo, akatoa daftari la shule
lenye pembe zilizokunjika.
"Mwisho wa mwezi," akasema. "Wote, mwisho wa mwezi.
Kiwanda kimepunguza zamu, unajua."
Najua. Nilitaka kumwambia jambo
kuhusu safu ya mkono wa kulia,
maneno yakafika kwenye meno, yakakaa.

Nikakata nywele ambazo hazikuhitaji kukatwa.
Nikalipa pauni kumi na nne, taslimu,
nikavaa koti polepole, kifungo kwa kifungo,
nikasubiri pale juu ya herufi
mpaka nilipomwona ameandika tarakimu.