Hewa ya Riali Ishirini na Nne

Kiooni wameandika elfu sita mia nne na hamsini,
kwa wino mweupe, tarakimu nene kama mikate ya ufuta.
Nimeisoma bei hiyo tangu Rajabu
kila nikipita Watayya kwenda hospitali,
nikaitilia mchezo, nikaitilia zamu za usiku,
mpaka nikaizoea kuliko namba yangu ya simu.

Leo Haitham ananisogezea karatasi,
nayo inasema elfu saba na sabini na mbili.

Namuuliza: gari hii imezaa?

Anacheka akimtazama Yarubu, kaka yangu,
aliyekuja kunisindikiza tu,
asiyejua hata mshahara wangu unaingia tarehe ngapi.
Yeye anapewa maelezo. Mimi nasogezewa halua.

"Vioo vya giza, mia na ishirini.
Kinga ya rangi, mia mbili themanini na tano.
Dawa ya kutu, tisini na tano."

Kutu! Maskati hii,
ambako mvua ikidondoka
tunatoka na watoto kuitazama kama bi harusi.

"Mikeka, thelathini na nane. Makaratasi, sitini.
Hewa maalumu ya tairi, ishirini na nne."

Hewa.
Nikavuta pumzi, nikaishusha taratibu,
nikamshukuru Mola yangu haina risiti.

"Vimeshafungwa, dada." Sasa ameniona.
"Zote zinakuja hivi. Havitoki."
Yarubu ananikanyaga chini ya meza:
lipa twende zetu, mia sita kitu gani,
utaigawa kwa miaka mitano.
Mia sita ishirini na mbili, nikamwambia.
Hizo ni zamu thelathini na moja
za kugeuza wagonjwa na kuosha vidonda,
za kuitwa sista na watu wasiolijua jina langu.
Igawe utakavyo, mgongo ulioinama ni huu huu mmoja.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa hivi hivi Matrah:
nipe kanga, akimwambia muuzaji,
maneno nitayasema mwenyewe.

Nikaichukua kalamu ya Haitham
nikakata. Mstari mmoja kwa kila kitu,
bila haraka, mkono ule ule unaokata bendeji.
Kilichofungwa hufunguliwa, nikasema,
na mimi leo sina zamu.

Nikakaa. Kahawa ikaja, ikapoa.
Meneja akatoka, akaingia, akatoka na kikokotoo.
Ikashuka mia. Ikashuka mia na hamsini.
Adhuhuri ikaadhiniwa; nikaswali chumba cha nyuma,
nikarudi kiti kile kile.
Yarubu kalala, mdomo wazi.

Saa tisa kasoro akaitwa Shafiqul, na ndoo na wembe.
Akaitoa mikeka, akaikunja kwa adabu kama misala.
Akavibandua vioo utando wao mweusi, ukalia chwaa.
Akafika kwenye tairi, akachutama,
akanitazama mimi, akamtazama Haitham:
na hewa, naitoa?

Hapo hata meneja alicheka.
Hewa wakaniachia.

Nikatia saini palipoandikwa elfu sita mia nne na hamsini,
nikaendesha mwenyewe hadi Sibu, vioo wazi,
Yarubu pembeni akisifu ujanja *wetu*.

Usiku ule mtoto wa jirani, Lujaina,
ambaye ndiyo kwanza anajua kusoma,
aliweka kidole kwenye buti
akatamka herufi moja moja, za rangi ya fedha:
jina la duka.

Hilo halikuwemo kwenye karatasi.

Nikaleta mashine ya kukaushia nywele na uzi wa meno,
nikapasha moto, nikapitisha uzi nyuma ya kila herufi.
Zikang'oka kama meno ya utotoni,
Lujaina akizikusanya kwenye kopo.

Lakini vumbi la Sibu likishika,
pale zilipokuwa hapashiki sawasawa,
na ukinifuata kwenye foleni ya asubuhi
utalisoma, hafifu, neno zima.
Nawatangazia biashara mpaka leo,
na hawajanilipa hata baisa.