Kitabu cha Wiki ya Kuhama

Jumatatu niliandika kwenye kaunta buku langu
ule mstari ambao sijauruka tangu nikabidhiwe funguo za maktaba:
Wiki ya ishirini na moja. Ufugaji wa kuku wa mayai.
Kurasa tisini na sita. Jalada limeliwa na panya.

Sikukichagua. Ndicho kilichokuwa juu
kwenye boksi la sabuni ambalo halijafungwa.
Sifugi kuku. Nilikisoma nimekalia godoro lililokazwa kamba,
sufuria zimeshafungwa, chai nanywea kwenye kifuniko cha chupa,
nikajua kwamba kuku aliyehamishwa banda
husita kutaga siku kadhaa,
na mfugaji asimlaumu.

Nikapiga mstari kwa penseli.
Mimi, ninayewatoza faini wapiga mistari.

Nyumba yetu Mabatini imebanwa katikati ya mawe mawili
kama punje kati ya magego.
Mwezi uliopita walipanda vijana wawili na kopo la rangi,
wakachora X nyekundu chini ya dirisha la jikoni,
wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakashuka.
Jirani yangu Bi Nabigambo aliitundikia kanga X yake.
Mimi yangu niliitazama kwa jicho la kazi.

Maana shuleni, kwenye droo ya chini, nina muhuri.
Wino wake mwekundu vilevile.
IMEONDOLEWA.
Kila Desemba naugandamiza ukurasa wa kwanza
wa vitabu vilivyochoka, na mkono hautetemeki.
Vingine havikuchoka. Mtaala tu ulibadilika.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivipandisha mlimani
chini ya mchicha, kimoja kimoja, miaka kumi na minne.

Ijumaa paredini, kama kila Ijumaa,
nikasimama kuwaambia nimesoma nini.
Nikasema kuku. Walicheka mpaka Makamu akashika kengele.
Nikawasomea ule mstari wa banda
ili tu kicheko kiishe vizuri.
Nyuma kabisa, Lushinge wa Kidato cha Pili akanyoosha mkono.
"Madamu, na akihamishwa mara mbili?"

Nilifungua kitabu mbele ya watoto mia sita.
Faharasa ilikuwa na Kideri, Kinyesi, Kuatamia,
Kudonoana.
Nikamwambia nitaangalia.

Saa sita akaja dirishani kukiazima.
Kitabu chenye muhuri hakiazimwi; kanuni hiyo nimeiandika mwenyewe,
iko ukutani, imekwaruzika.
Nikamwandika. Jina, kidato, siku kumi na nne.
Mahali pa mtaa aliandika Mab, akafuta,
akapuliza vumbi la kifutio, akaniachia pakiwa wazi.
Sikumdai.

Jumamosi kirikuu haikuweza kupanda.
Vijana walishuka na maboksi kichwani, jiwe hadi jiwe,
na Kulwa dereva akihesabu, akiguna.
"Hivi vyote umevisoma?"
"Bado."
"Sasa unahama navyo vya nini?"
Nikamwomba afunike turubai, mvua ilikuwa imeshavuka Ukerewe,
inakuja inatembea juu ya ziwa, haina haraka.

Buswelu hakuna jiwe hata moja la kuegemea.
Madirisha bado ni matundu, umeme nguzo mbili kutoka hapa.
Kule juu, kati ya paa la kanisa na tangi la Mzee Bituro,
nilikuwa na kipande cha ziwa, kipana kama rula.
Hapa nina uwanja, na mbuzi wa mtu.

Usiku nilifungua boksi nililoliandika VYOMBO
nikakuta ramani za dunia.
Sahani zitakuwa kwenye JIOGRAFIA, chini kabisa,
chini ya maboksi tisa.
Basi tukala ugali na dagaa wa Bi Nabigambo
juu ya bahari fulani ya buluu iliyopauka,
tukitupa miiba Aktiki,
na nikasoma, kwa tochi ya simu,
majina ya visiwa yaliyokuwa karibu na kidole.

Wiki ya ishirini na mbili, niliandika.
Kisha betri ikazima.