Maagizo ya Kutunza Mbao Penye Ukavu

Dhahabu, nisikilize kabla hujafunga hilo kasha.
Hilo gitaa halijawahi kulala nje ya Malindi.
Mbao yake imekunywa hewa yetu miaka kumi na minne,
hewa hii inayovimbisha milango ya Maweni
mpaka mtu aisukume kwa bega,
inayogandisha chumvi kikoponi
na kufanya kiberiti kikatae mara tatu asubuhi ya Juni.
Huko jangwani unakokwenda, kiberiti hakitakataa.

Basi shika haya.

Nunua sifongo la kuogea, kata kipande cha vidole viwili,
lilowishe, likamue lisitoe tone,
ulitie kwenye kisahani cha sabuni nilichokitoboa
kwa msumari wa moto. Kiweke ndani ya kasha, karibu na shingo.
Usitumie maji ya kisima cha kwenu Muyeye.
Najua umejaza chupa, nimeiona imechungulia mkobani.
Maji yale yana chumvi, yatakula nyuzi.
Chupa ichukue ukitaka. Gitaa usilinyweshe.

Hiki kidude cha mshale nilikitoa kwenye kinanda
cha ile hoteli iliyofungwa.
Hapa kibandani kinasema themanini na tatu.
Kikishuka chini ya arobaini, acha kupiga, anza kulowesha.
Wakala wako alipokusomea mkataba,
usiku sita kwa wiki, nyimbo sitini za kuchagua
na hakuna hata moja uliyoitunga,
alitaja nauli, akataja malazi, akataja sare nyeusi.
Mshale hakuutaja.

Sikulaumu.
Nilikuwepo Mei, mvua ikitwanga makuti,
ulipowapigia viti vitupu saa tatu nzima
na mhudumu mmoja aliyefuta glasi zilizokwisha kufutwa.
Ukalipwa sahani ya tambi na ahadi.
Ahadi ipo bado, naiona nikipita,
imekaa langoni na mlinzi.
Nilikuwepo pia harusini Ngomeni,
umeme ulipokatika ukaendelea gizani,
tukasikia bibi harusi akivua viatu.
Funguo za nyuzi nilizokufungia unadaiwa mia tisa.
Kwa ajili ya viatu vile, nipe mia tano.

Halafu hili.
Ukisikia usiku mlio kama mtu anavunja ukucha,
huo ni ufa. Usikimbilie gundi ya dukani.
Ingia bafuni, funga mlango, fungulia maji ya moto,
keti juu ya ndoo, gitaa mapajani,
mpaka kioo kisikuone.
Mshale utapanda. Hamsini. Sitini na kitu.
Hapo piga ule wako wenyewe, usio kwenye orodha,
kwa kidole gumba tu.
Kama koo la mtu nalo hupasuka, sijui.
Mimi ni fundi wa mbao.
Mama yako ameniuliza kama huko kuna mvua,
nikamwambia kuna mabomba.

*

Hayo niliyaandika nyuma ya risiti, nikayatia kashani.

Leo, miezi miwili baadaye, simu imelia nikipaka vanishi.
Umenitumia sauti. Hukusema neno.
Nimeiweka mezani, nikaipandisha hadi mwisho:
kwanza maji, maji mengi, yanaanguka juu ya vigae,
kisha kwa mbali, kama mtu anabisha na hataki kuamsha nyumba,
kidole gumba.
Jirani yangu Kadzo katoka mbio na beseni,
kaanua nguo zote kambani, shuka, kanga, sare za watoto,
ndipo akatazama juu.
Jua tupu.
Kanigeukia, nguo zimemfika kidevuni.
Sikuwa na la kumweleza.

Nimesikiliza tena mara mbili.
Kisha nikakuandikia:
Uzi wa tatu umelegea. Kaza kidogo.